Kayaki ya mjomba ilinibana miaka miwili nikaogopa kumwambia. Yaliyonikuta kati ya Mikindani, Masasi na Mkunya

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni. Wadogo zangu marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Humu wapo watu wa Masasi wanaonijua, na mke wangu husoma kila ninachoandika. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuka mapema sana.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka ashuke moja kwa moja mpaka mwisho, ila akija kuuliza swali ambalo nimeshalijibu katikati sitamjibu.

Mimi naishi Masasi mjini, nina duka dogo la vipuri vya pikipiki. Umri umevuka arobaini. Mwili, tuseme Mungu hakuninyima. Nikisimamisha bodaboda, dereva ananiangalia kwanza halafu anaangalia matairi yake.

Sasa mimi huyu, mkazi wa mji wa mawe na korosho, nina ugonjwa mmoja. Napenda kayaki.

Kwa asiyeijua, kayaki ni chombo chembamba cha mtu mmoja. Unaingiza miguu ndani kupitia tundu la kukalia, unabaki kiwiliwili tu nje, halafu unapiga kasia lenye pande mbili, kushoto, kulia. Ukikaa vizuri mnakwenda kama mmezaliwa pamoja. Ukikaa vibaya, nitawaeleza.

Najua mnachotaka kuuliza. Masasi bahari iko wapi? Haipo. Mimi hushuka Mtwara mara moja au mbili kwa mwezi kufuata vipuri, nikimaliza napitia Mikindani, naingia majini asubuhi, narudi dukani. Majirani wameshasema yote ya kusema. Kuna mmoja kila nikipita ananiuliza kama bahari imeshafika Nanganga, kwenye barabara ya Mtwara, au bado iko njiani.

Lakini kosa si langu. Kosa ni la mjomba.

Mjomba Yohana ni kaka mkubwa wa marehemu mama yangu. Anakaa Mkunya, kule Newala, na mikorosho yake na mihogo yake. Watu wa kwetu mnajua mjomba ni nani. Baba anaweza kusema, mama anaweza kusema, ila jambo halijaisha mpaka mjomba aseme. Yeye ndiye aliyenisimamia jandoni. Yeye ndiye aliyetangulia mbele kwenda kuniposea. Na tangu mama afariki, kwa upande wa mama sina mwingine. Naomba hilo mlishike, maana bila hilo mtaniona mjinga tu.

Ujana wake wote mjomba aliumalizia pwani, kwenye nyumba moja ya wageni, akitunza vyombo vya majini. Ile nyumba ilipofungwa, mwenye mali akawaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu cha kuondoka nacho. Wenzake wakachagua friji, magodoro, televisheni.

Mjomba akachagua kayaki ya bluu.

Akaipandisha juu ya lori mpaka Newala, mahali ambapo watu wanapanga ndoo kuanzia alfajiri kusubiri bomba litoe maji. Mkewe, Mama Esta, anasema alipoiona inateremshwa alidhani mume kaleta hori la kulishia ng'ombe. Akafurahi sana. Akauliza ng'ombe wenyewe wanakuja na gari gani.

Ikatundikwa chini ya paa nyuma ya jiko miaka na miaka. Kila mwaka inafutwa vumbi kabla ya msimu wa korosho. Hairuhusiwi kuwekewa kitu chochote juu.

Miaka miwili na kitu iliyopita mjomba akaniita. Goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumsumbua, anatembea na fimbo. Akakaa na wazee wawili wa ukoo pembeni, akaniambia mbele yao: "Mwanangu, mimi goti limeshaniaga. Hiki chombo kimenipa heshima nilipokuwa sina kitu. Chukua wewe. Usikiuze."

Wakuu, nilipiga magoti kupokea. Nilitamani mama angekuwepo aone.

Basi mjomba akasema kabla sijaondoka nayo lazima anifundishe. Kumfundisha mtu kayaki Mkunya maana yake ni kumfundishia uwanjani. Akaiweka juu ya mchanga, akaniambia niingie, akanipa kasia, nikawa napiga hewa, kushoto, kulia, kuku wanakimbia. Yeye anazunguka na fimbo yake anarekebisha. Nyoosha mgongo. Usipige kwa mikono, piga kwa kiuno. Wanawake waliokuwa wanatoka kuteka maji walitua ndoo chini kabisa ili waangalie vizuri.

"Kayaki lazima ikubane," alisema. "Ikilegea, wewe ni mzigo tu umewekwa humo."

Ikanibana. Tena ikanibana haswa. Mjomba ni mwembamba, ana miguu ya mtu aliyetembea sana. Mimi kuingia tu ilibidi nitoe pumzi yote nje. Mapaja yaligusa huku na huku, na vidole vya miguu vilijikunja kule mbele kwa kukosa pa kwenda.

Akaniuliza: "Imekuenea?"

Nikasema: "Imenienea, mjomba."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Sasa ona maajabu. Bado nimo humo ndani, nikaona mama mkwe wangu anaingia uwanjani. Mke wangu naye ni mtu wa Newala, kwao si mbali na Mkunya, na mama yake alikuwa amesikia tupo, akaja kumsalimia binti yake. Nyie mnajua kwetu mkwe haamkiwi ukiwa umekaa. Unainuka, unasogea pembeni, unatazama chini, ndipo unatoa shikamoo yako.

Nikainuka.

Kayaki nayo ikainuka.

Tulifika nusu, mimi na kayaki, halafu tukaanguka pamoja ubavu. Nikaona kuhangaika zaidi ni kuzidisha aibu, nikatoa shikamoo hapo hapo chini, shavu likiwa mchangani. Mama mkwe akaitikia marahaba huku ameutazama mkorosho. Baadaye alimuuliza mke wangu kwa sauti ya huruma kabisa: "Hivi Baba Neema miguu ilianza kumsumbua lini?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mjomba peke yake hakucheka. Aliniangalia miguu kwa muda mrefu, halafu akaingia ndani. Wakati ule nilidhani nimemtia aibu.

Kayaki nikaipeleka Mikindani, nikaiweka kwenye banda la fundi mmoja wa vyombo anaitwa Shabani. Ni mtu mkimya, mwenye maneno machache yenye kuchoma. Yeye ndiye aliyenifundisha upya, majini sasa.

Miaka miwili nikakaa ndani ya ile kayaki. Robo saa ya kwanza raha. Robo saa ya pili ganzi inaanza kwenye nyayo. Baada ya hapo miguu inakuwa ya mtu mwingine. Nikirudi ufukweni siwezi kutoka, Shabani anakuja kunivuta kwapani, ananilaza mchangani, nakaa pale nikisubiri miguu irudi. Akina mama wanaookota chaza wakati maji yamekupwa walinizoea kabisa. Walikuwa wananizunguka wanaendelea na kazi.

Mjomba naye kila Jumapili baada ya ibada lazima apige simu. Haulizi habari ya duka. Anauliza: "Chombo kinasemaje?"

"Kizuri sana, mjomba."

"Kinabana?"

"Kinabana vizuri."

Wakuu, hapo sikudanganya.

Mke wangu alikuwa anasikiliza hizo simu ananitazama tu. Siku moja akaniuliza kwa nini nisimwambie ukweli. Nikamwambia huwezi kupewa kitu na mjomba mbele ya wazee halafu urudi kusema hakifai. Atadhani nimemdharau. Atadhani kwa kuwa dada yake hayupo, na mimi nimeshajiondoa. Mke wangu akasema: "Kwa hiyo utavumilia mpaka ukatwe miguu ili mjomba asinune." Nikatoka nje, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

Kuna kitu kimoja kinachekesha na kusikitisha. Mimi dukani kwangu mteja akija na kifaa kisicholingana na pikipiki yake namkatalia. Namwambia usilazimishe, utaua injini. Nawaambia watu hivyo kila siku.

Sasa ikafika ile asubuhi.

Maji yalikuwa yametulia tu, si kwamba palikuwa na tufani. Nilikuwa ndani ya ghuba, mbali na ufukwe kidogo, miguu imeshakufa ganzi kama kawaida. Ikapita boti ya injini, ikaacha wimbi. Wimbi dogo. Mtu anayehisi miguu yake angelisawazisha kwa mapaja bila hata kufikiri. Mimi mapaja sikuwa nayo.

Nikapinduka.

Nikawa kichwa chini, miguu juu ndani ya kayaki. Kawaida unachomoka. Unasukuma, unateleza nje, basi. Nikasukuma, sikuteleza. Nikasukuma tena. Mapaja yamekwama, na miguu naiamrisha haisikii. Naona rangi ya kijani na mapovu yangu mwenyewe.

Sitaki kujifanya shujaa hapa. Niliogopa sana. Nilimwona binti yangu Neema, wazi kabisa, amevaa sare za shule. Nikasema moyoni, nakufa kwa ajili ya kuona haya.

Mara ya tatu nilisukuma kwa nguvu zote nilizopewa, nikatoka. Mimi nilitoka. Bukta ilibaki ndani.

Jaketi la kuokolea likaniibua. Shabani alikuwa ameshaniona, akaja na mtumbwi wake. Akanivuta mpaka kwenye maji ya kiunoni, akaniambia nisubiri hapo hapo, akaenda kuniazimia kanga kwa mama mmoja wa chaza. Niliifunga ile kanga, nikakaa bandani natetemeka, chai yote ikamwagika kabla haijafika mdomoni. Kanga yenyewe ilikuwa na maneno ya kumsema mke mwenza. Hakuna aliyecheka.

Shabani akaikalisha kayaki vizuri, akaitoa maji, akaitazama. Akasema: "Hiki chombo ni kizuri. Kina mtu wake. Mtu wake si wewe."

Nyuma ya banda lake alikuwa na kayaki nyingine, ya njano, pana kidogo, tundu lake kubwa, ina vikanyagio vya miguu unavyoweza kuvisogeza mbele na nyuma. Mtu aliiacha kwake akahama. Ilikuwa inatafuta mtu mwenye mwili.

Wiki iliyofuata nikaijaribu. Safari hii sikuijaribia uwanjani. Nilikaa humo majini saa nzima, nikavuka upande wa pili wa ghuba, nikarudi. Mnajua nini kilinishangaza? Kwamba sikuikumbuka miguu yangu hata mara moja. Ilikuwepo tu, inafanya kazi yake. Nilipofika ufukweni nikainuka mwenyewe, nikatoka mwenyewe, na wale akina mama wa chaza wakanyanyua vichwa wote pamoja. Mmoja akasema: "Leo kapona."

Nikabadilishana na Shabani kwa pikipiki yangu kuukuu. Nilipomwambia mke wangu akafikiri kidogo, akasema: "Umetoa kitu chenye magurudumu, umeleta kisicho hata na miguu, na sisi tunakaa Masasi. Haya."

Tatizo likabaki ya bluu. Shabani akasema banda lake si ghala, moja iondoke. Nikaamua kuirudisha Masasi niifiche nyuma ya nyumba mpaka nipate maneno ya kumwambia mjomba. Uongo wa pili huo, ila wa vitendo.

Nikakodi kirikuu, ile pikapu ndogo. Tukaifunga kayaki kwa turubai jeupe lisishike vumbi. Kwa kuwa ilitokeza nje kwa nyuma, dereva akafunga kitambaa chekundu kwenye ncha kama ilivyo desturi ya mizigo mirefu. Mimi nikakaa nyuma nimeishikilia isiteleze, uso umenuna kwa jua na mawazo.

Nadhani mnaona tulivyoonekana.

Tulipofika Nanganga dereva akapunguza mwendo. Wanaume waliokuwa wanacheza bao wakasimama. Mmoja akavua kofia. Wauza mihogo wakanyamaza, na mama mmoja akajifunga kanga vizuri kiunoni, tayari kwa lolote. Nikawapungia mkono, jambo ambalo sasa naelewa liliwashangaza. Yule mama alikuwa ananijua, ni ndugu wa upande wa mke wangu, anauza pale barabarani. Alinitazama kwa huzuni kubwa.

Sijafika Ndanda simu ikaita. Mjomba.

"Nani katutoka?"

Nikasema: "Hakuna, mjomba. Wote wazima."

"Umepita Nanganga na jeneza. Mama Esta ameshaanza kulia, na mimi sijajua tunamlilia nani."

Nikasema: "Si jeneza, mjomba. Ni kayaki."

Akauliza: "Inatoka baharini inakwenda wapi?"

Wakuu, hapo ndipo mtu angesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ilikuwa ni kuingia tu. Lakini mdomo ukatangulia.

"Naipeleka kwa fundi, Masasi."

"Masasi," alisema mjomba taratibu. "Masasi siku hizi kuna mafundi wa vyombo vya bahari."

"Wapo wapo, mjomba."

"Sawa," akakata simu.

Jumapili hiyo hakupiga. Jumapili iliyofuata hakupiga. Ya tatu nilikaa na simu mezani, naigeuza juu chini, sikula. Wale mliolelewa na wajomba mnajua, akikugombeza umepona. Akinyamaza ndipo uanze kuogopa.

Mke wangu akasimama mlangoni akasema: "Baba Neema, uliogopa maji kidogo, mjomba ukamwogopa sana. Maji ndiyo yaliyotaka kukuua. Kapakie hicho kitu twende."

Jambo la mjomba halisemwi kwa simu. Jumamosi alfajiri tukapakia, safari hii bila turubai, bluu yote ionekane. Tukapanda mlima wa Newala, watoto wa shule wakiikimbilia njia nzima.

Tukafika Mkunya. Shikamoo mjomba. Marahaba. Shikamoo mama. Marahaba. Tukapewa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, na chai. Mjomba hakuitaja kayaki. Aliuliza habari ya Neema, ya duka, ya mvua kama huko chini imeanza kutishia. Kwao ilikuwa bado, ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani zote kavu.

Tulipomaliza kula akachukua fimbo yake, akasema: "Iteremsheni. Iwekeni pale pale."

Tukaiweka pale pale mchangani.

"Ingia nikuone."

Nikaingia. Nilitoa pumzi, nikajisokomeza, nikakaa. Mjomba akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Akaanza mazungumzo.

Wakuu, hajawahi kuongea vile maisha yake yote. Alianza na dawa ya kupulizia mikorosho, mwaka huu imechelewa. Akaja kwenye mpaka wa shamba lake na la jirani. Akapita kwa babu yangu, alivyotoka ng'ambo ya Ruvuma, kijiji baada ya kijiji. Anaongea polepole, anatulia, anakuna kidevu, anaendelea. Mimi naitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba. Ganzi ikaanza nyayoni. Ikapanda kwenye magoti. Jasho likaanza kunitoka. Mke wangu alikuwa amekaa barazani na Mama Esta, wote wawili wanachambua mboga ambayo ilishachambuliwa.

Alipofika kwa mdogo wake babu nikashindwa.

"Mjomba, nisamehe. Hainienei."

Akasogeza kigoda karibu.

Nikasema yote. Kwamba haikunienea tangu siku ya kwanza. Kwamba nilipinduka nikakwama, na nilidhani nakufa. Kwamba nina nyingine ya njano. Kwamba Masasi hakuna fundi. Nikamwambia niliogopa atadhani nimekataa mkono wake, na yeye ndiye mama yangu aliyebaki. Nilisema hivyo hivyo, mwanaume mzima na nyama zangu, nimekwama kwenye kayaki katikati ya uwanja, machozi yananitoka.

Mjomba akasema: "Miguu yako ilishaniambia siku ile ya mkweo. Nilikuwa nasubiri mdomo. Kila Jumapili nakuuliza, kinabana? Nakufungulia mlango, unaufunga."

Nikainamisha kichwa.

"Umekwama chini ya maji?"

"Ndiyo, mjomba."

Akaegemeza fimbo kwenye kigoda. "Ungekufa ningewaambia nini watu? Kwamba mtoto wa dada yangu nilimpa jeneza, akaona haya kunirudishia? Yule mama wa Nanganga hakukosea sana."

Akainama, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto. Sijui alishika kwa muda gani. Akasema: "Nilikupa uende majini. Sikukupa uteseke. Na mimi nimekosea, nilijua nikakaa kimya nikitaka useme wewe kwanza."

Halafu wakanivuta, yeye, mke wangu na Mama Esta. Nikalala mchangani, miguu ikisubiriwa na ukoo mzima.

Mama Esta akasema: "Basi kama hamuitaki nipeni mimi. Mvua zikianza itakinga maji vizuri kuliko ndoo zenu."

Mjomba alikuwa ameisogelea kayaki. Akaweka fimbo chini. Akakaa ukingoni, akaingiza mguu mzima, akaingiza ule mbovu, akateleza ndani.

Aliingia taratibu, bila kelele, kila kitu mahali pake. Hakutoa hata pumzi. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa kasia. Akapiga hewa mara moja kushoto, mara moja kulia. Mgongo umenyooka. Mama Esta aliacha mboga.

Nikamuuliza: "Goti?"

Akasema: "Goti linakataa kupanda na kushuka. Humu limelala tu." Halafu akasema kwa sauti ndogo: "Sikukupa kwa sababu ya goti. Nilikupa kwa sababu niliona hakuna atakayejisumbua kunishusha tena baharini."

Wakuu, niliposikia hivyo nilisahau ganzi yote. Miaka miwili nashuka Mikindani, nikirudi namwambia chombo kizuri, na sikuwahi kumwambia mjomba twende.

Kayaki ikarudi kwenye kirikuu jioni ile ile. Na mjomba naye, ameketi mbele na dereva, begi mapajani, hakungoja hata kubembelezwa.

Tulilala Masasi. Asubuhi tulipopita Nanganga nikamwomba dereva asimame, mjomba akateremka na fimbo yake kumwonyesha yule mama kwamba marehemu ni yeye, na anaendelea vizuri. Yule mama alicheka mpaka akatupa mihogo ya bure.

Tulipofika Mikindani, Shabani aliingia na mtumbwi wake pembeni, kwa tahadhari, na wote tulivaa majaketi. Mimi na njano yangu, mjomba na bluu yake. Shabani alipomwona mjomba amekaa akaniangalia. Akasema tu: "Huyo."

Nilidhani nitamlinda. Wakuu, nilikuwa nafukuzia mgongo wake. Mzee mwenye goti bovu ameniacha ghuba nzima, kasia halitoi hata sauti. Nikapaza sauti: "Mjomba, inabana?"

Hakugeuka. Alijibu akiwa mbele huko: "Kumbe ulikuwa unanitunzia tu."

Nimeandika haya kwa sababu nilitaka kuwaambia vijana wa kwetu kitu kimoja. Heshima kwa mkubwa si kuvumilia kimya kitu kinachokuumiza. Mimi nilidhani namheshimu mjomba, kumbe namnyima ukweli na namnyima bahari kwa wakati mmoja. Na kama ni chombo cha maji, tafadhali, kikijaribiwa nchi kavu hakijajaribiwa. Kaa ndani majini, kaa muda mrefu, ukihisi ganzi toka useme.

Mjomba amerudia kupiga simu kila Jumapili. Haniulizi tena chombo kinasemaje. Anauliza tunashuka lini. Mama Esta yeye bado anasubiri ng'ombe.

Sasa nyie. Nani humu alipewa kitu na mkubwa wake, kikambana, akaona haya kusema? Mwageni yenu hapo chini, nami nitasoma zote. Wa Masasi mnaotaka kuuliza bahari imefika wapi, nendeni kwa jirani yangu, yeye ndiye anayeifuatilia.